Wifi alisema nina maringo, sasa ananichangishia pesa za saratani nisiyo nayo

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku kwa sababu sikio la kulia limekataa nilale. Linalia kama sufuria ya presha tangu watoto waingie kitandani. Mchana kelele za soko hulifunika, usiku tunabaki mimi na lenyewe. Lakini si sikio lililonifanya niandike. Ni wifi yangu.

Mawifi unawajua, sina haja ya kueleza. Huyu wangu ndiye aliyeeneza boma zima kwamba nina maringo. Ilikuwa matangani kule Siaya. Alikaa kulia kwangu akanisalimia, nikanyamaza. Akarudia, wapi. Mimi nilikuwa naangalia moto wa jikoni, sikusikia kitu. Jioni hiyo hiyo mama mkwe akaambiwa mke wa mwanao anajiona, hata salamu za msibani haitikii. Tangu hapo mimi ni yule wa maringo. Hata Kibuye sokoni, mteja akiniita kutoka upande ule nisigeuke, jirani wa kibanda humwambia, "Huyo mpaka umwandikie barua." Wateja wameenda. Baba watoto naye nikimwambia rudia, anasema nataka tu kumchosha.

Sina maringo Shangazi. Waulize walionilea Butere.

Simu ndiyo iliyonishtua. Nikiiweka kulia nasikia mvumo tu, maneno hayatoki. Nikampelekea fundi abadilishe spika. Akaiweka sikioni mwake akasema, mama, simu ni nzima. Nilimwona hajui kazi, nikaenda kwa fundi mwingine.

Halafu kikaja kizunguzungu. Nimetibiwa malaria, nimetibiwa taifodi, nikaambiwa ni presha, nikasafishwa nta. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni sikio moja peke yake. Aliyeuliza ni daktari wa masikio, tena mapema tu, kabla sijakaa vizuri. Akanifungia kwenye kile chumba kisichoingiza sauti, unavaa vipokea sauti, unabonyeza ukisikia. Kushoto nilibonyeza vizuri. Kulia nilikaa nikingoja waanze, kumbe walikuwa wameshamaliza.

Nikaandikiwa MRI, ile ya kudungwa dawa mshipani ili picha ionyeshe vizuri. Jibu likaja: uvimbe wa milimita 13 kwenye neva ya nane ya kichwa, ile inayobeba kusikia na kukusimamisha usiyumbe. Daktari anauita akustiki nyuroma, kwenye karatasi wameandika vestibula shwanoma, maana unaota kwenye seli zinazoifunika neva, si kwenye ubongo wenyewe. Alirudia mpaka nikaona ananidhania mtoto: si saratani, hausambai mwilini. Ni nadra, mtu mmoja au wawili katika kila watu laki moja kwa mwaka. Mama mkwe alitaka kujua kama ni ugonjwa wa kwetu. Daktari akasema ule wa kurithi kwa kawaida hushika masikio yote mawili, na mimi nina mmoja tu. Jibu hilo mpaka leo halijafika bomani. Maringo yalifika kwa jioni moja.

Kwa ukubwa huu hakuna haraka, ndivyo alivyosema. Mwingine hukaa miaka haukui, mwingine huongezeka milimita moja au mbili kwa mwaka. Tupige MRI tena baada ya miezi sita, kisha kila mwaka, tuuangalie. Ukianza kukua kuna mionzi inayolengwa pale pale. Haiutoi, inauzuia tu usiendelee, na mashine ya CyberKnife ipo hapa hapa nchini, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ukiachwa ukawa mkubwa sana unaweza kusukuma shina la ubongo, ndiyo maana hakuna ruhusa ya kuusahau. Na kuna upasuaji. Sasa hapo ndipo niliposhika kiti. Neva inayoendesha uso inapita kwenye tundu moja la mfupa na hii yangu. Ikiumia, upande mmoja wa uso unaweza kulegea, mdomo ukapinda, jicho likakataa kufumba. Na kusikia kulikokwisha kupotea hakurudi.

Mimi nauza nguo, Shangazi. Nauza kwa mdomo na uso. Kwa hiyo nimesema nitangoja, na hilo nimeamua. Ingawa usiku kama huu, daktari angebisha mlango ningemwambia toa, toa sasa hivi, hata uso uende.

Basi wifi. Aliposikia habari ya MRI, mimi mwenyewe sijaielewa, alikuwa ameshafungua kikundi cha WhatsApp. Ameweka picha yangu, ameandika nina saratani ya ubongo na natakiwa India haraka. Mweka hazina ni yeye. Na watu wametoa! Akina mama wa chama chetu, walimu wa watoto, kanisani, hata yule jirani wa kibanda. Nikampigia nikamwambia dada, si saratani. Akanijibu, "Watu hawachangii kitu kinachongoja." Inawezekana ni kweli, na ndiyo maana naumia. Kwenye ujumbe wa sauti analia, ananiita damu yake. Lakini kusema siku ile ya matanga nilikukosea, hajasema. Ningetaka tu hilo.

Pesa hizo sitaki hata shilingi. Zirudishwe kwa wenyewe. Lakini tena MRI ya miezi sita nitailipa na nini, biashara yenyewe hii? Mtu anayengoja naye ana gharama. Kama wangekubali zikae kwa ajili ya vipimo nisingekataa, ila zisikae mkononi mwake.

Baba watoto anasema nikikataa upasuaji tutaitwa matapeli. "Fikiria jina la nyumba," aliniambia. Yaani nipasuliwe kichwa ili dada yake asiaibike? Hakusema hivyo, lakini mimi nilisikia hivyo, na asiniambie nilisikia vibaya kwa sababu alikuwa amekaa kushoto. Si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyenishika mkono siku ya majibu. Ila tangu kikundi kifunguliwe anaongea kama katibu.

Wengine wananong'ona kuhusu chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Hao nimewaachia Mungu.

Kamati inakutana Jumapili baada ya ibada. Nikisimama niwaambie si saratani, wifi ataumbuka mbele ya watu waliotoa pesa zao kwa imani, na watasema nalipiza ya matanga. Labda nitakuwa nalipiza, sijui. Nikinyamaza, wataanza kushughulikia pasipoti. Nimefikiria kumpelekea mzee wa kanisa barua ya daktari aisome yeye, lakini naye ni mjomba wao.

Nataka uniambie, mtu akichangiwa, kichwa bado ni chake? Na je, ni vibaya kudai niombwe msamaha kwanza wa yale maringo ndipo tuzungumze habari ya pesa? Dada yangu wa Butere anasema huo ni utoto. Yeye hajawahi kuitwa hivyo.

Nijibu kabla ya Jumapili tafadhali, na jina langu usilitaje.

Mama wa watatu,
Kisumu