Asante, mzee wangu wa pale Majengo

Shikamoo mzee wangu. Uliondoka kabla sijakuuliza jina, basi nakushukuru hapa hadharani.

Ulinikuta Majengo, Dodoma, nikichagua mninga wa kuchonga bao: mashimo 32, kete 64, na mfuniko wa akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, juu. Ukanionya nisiubane mno mfuniko kwa skrubu. Joto huitanua akriliki, na mninga nao husinyaa kiangazi; tundu liwe pana kidogo kuliko skrubu. Nitoboe polepole, karatasi inayofunika akriliki nisiibandue, chini niweke ubao chakavu. Yote hayo bila kudai hata hela ya soda!

Mfuniko uko mzima. Sasa natengenezea watoto michezo ya kupanga vipande, kwa maelekezo yako yaleyale. Mungu akuzidishie. Ukipita tena Majengo, bao moja ni lako.