Spika zinamfukuza hondohondo ziwani

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia, lakini ile habari yenu ya maziwa ya kreta, yaani ya mashimo ya volkano, hapa Rungwe imenikaa kooni. Mwandishi wenu ameisifia kambi moja ya ziwani kwa muziki mnene unaokesha hadi alfajiri, eti ndicho kivutio.

Kivutio ni ndege! Misitu ya huku Ngosi na Masoko ina shorobo, na shorobo hutafutwa kwa masikio kwanza. Spika ikiwashwa, humwoni.

Novemba nilikuwa na mwanangu kwenye kambi hiyohiyo, chini ya mti mzee wenye tundu. Ndani alikuwamo hondohondo jike. Ndege huyu akitaka kutaga hujiziba humo kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba tu, na kwa miezi mitatu hivi tegemeo lake ni dume. Dume alitua koo limemjaa, akacheua tunda moja, mdomo wa jike ukachomoza ufani ukalipokea. Akacheua la pili. Mara wakaja vijana na spika kubwa, wakaitundika mti wa jirani, wakafungulia sauti yote. Dume akaruka na matunda yake kooni. Tulingoja mpaka giza likaingia, hakurudi. Nilipomwendea msimamizi, akanijibu, “Mzee, wateja wetu ndio hao.” Na mimi niliyelipa kiingilio ni nani? Jike aliyefungiwa mle ndani angekula nini usiku ule?

Kiingilio chenyewe risiti sikupewa. Fedha inapokelewa mkononi, inaingia mfukoni, na choo hakina maji. Kuni za moto wa kambi nazo zinakatwa palepale, tena wanaanza na miti mizee yenye mapango kwa kuwa ni mikavu. Hondohondo hana uwezo wa kuchimba tundu lake. Miti hiyo ikiisha, hana pa kutagia.

Ninachoomba si kikubwa. Liwekwe kabati la mbao getini la kuhifadhia spika, lenye kufuli. Kila spika ipewe namba, mwenyewe aichukue akitoka. Kuni ziletwe kutoka mashamba ya mikaratusi, yamejaa tele huku. Na ninyi, mwandishi wenu akirudi, afike saa kumi na mbili asubuhi, asifike saa nne ya usiku.

Msomaji wenu,
Tukuyu, Rungwe