Yah: Malalamiko kuhusu tela mlilotukodisha na ankara mliyonitumia

Columbus, Ohio
12 Agosti 2024

Ndugu Meneja,

Nimepokea ankara yenu ya dola 870 na taarifa kwamba amana yangu ya dola 1,500 hairudishwi, kwa madai kwamba mpangaji aliharibu tairi, madigadi na sakafu ya tela. Ankara hiyo sitailipa, na amana naidai yote. Tairi lililopasuka lilitengenezwa mwaka 2014. Nyinyi mlinikabidhi Julai 2024.

Tulikuja kwenu kwa kuwaamini. Tangazo lenu limeandikwa kwa Kiswahili, linawaita watu wa Afrika Mashariki walioko Ohio wakodi kwa wenzao, na linasema kila tela hukaguliwa matairi, breki na gesi kabla ya kutoka. Mpwa wangu alikuwa anaolewa San Diego. Mama yangu mzazi alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya harusi hiyo. Ana kisukari, na kwa safari ndefu kama ile alihitaji mahali pa kujinyoosha, choo cha karibu na friji ya kuhifadhia insulini. Ndiyo maana tukachukua tela la kulala. Yote haya nilimweleza kijana wenu wa mapokezi, naye akayaandika kwenye fomu.

Siku ya makabidhiano nililizunguka tela pamoja na fundi wenu. Tulipima upepo wa matairi, tukawasha taa, tukajaribu minyororo na breki. Kashata, yaani yale meno ya juu ya tairi yanayoshika barabara, zilikuwa nene. Nilipouliza matairi yana umri gani, fundi alinijibu, "Mapya hayo, ya mwaka jana." Huku Marekani tarehe ya kutengenezwa huandikwa kwa tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. Sheria inalazimisha tarehe hiyo iwepo ubavu mmoja tu wa tairi, na kwenye tela lenu ubavu huo ulifungwa kwa ndani, uvunguni, kwa matairi yote manne. Mteja aliyesimama nje hawezi kuiona. Aliyeyafunga aliiona.

Barua yenu inasema huenda nilizidisha mzigo. Kabla hatujatoka Ohio nilipitisha gari na tela kwenye mzani wa malori. Tela lilikuwa na paundi 5,940, na kibao chake kinaruhusu 7,000. Katika hizo, paundi 720 zililalia ndoano ya pikapu, yaani asilimia 12, nayo imo ndani ya ile 10 hadi 15 inayotakiwa ili tela lisiyumbe. Zilizobaki ukizigawa kwa matairi manne, kila tairi lilibeba paundi 1,305. Ubavuni mwake limeandikwa uwezo wa 1,760. Mwendo wangu haukuvuka maili 60 kwa saa, na matairi ya aina hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa kikomo cha 65. Risiti ya mzani nimeiambatanisha, na nawaomba msiandike tena neno "huenda" mahali penye karatasi ya ushahidi.

Tulishika barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi. Tukavuka Kansas na upepo wake wa ubavuni, tukapanda milima ya Rocky hadi handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka humo kwenda magharibi unashuka mteremko mkali ambao pembeni yake zimechimbwa njia za kuokolea malori yaliyokatika breki. Matairi yaleyale ndiyo yaliyotushusha pale, na watoto wangu wawili na mama wakiwa garini. Hadi leo nikikumbuka nashika kichwa.

Lilipasuka la nyuma, upande wa kulia, tukiwa Utah, magharibi ya Green River. Anayeijua barabara hiyo anakijua kipande hicho: kutoka Green River hadi Salina ni kama kilomita 177 bila kituo cha mafuta wala duka. Tairi halikuisha upepo polepole. Ngozi ya juu yenye kashata ilibanduka nzima, ikawa inachapa tela kila gurudumu linapozunguka. Ilirarua madigadi, ikatoboa sakafu chini ya kitanda cha watoto, ikakata waya wa breki za tela na kupinda bomba la gesi. Niliposhuka nilisikia harufu ya gesi. Nikafunga mitungi, nikamtoa mama na watoto, nikawapeleka mbali na magari, kwenye mawe, juani, maana kivuli hakikuwepo.

Namba ya dharura mliyoibandika ndani ya mlango haikuwa na mtu. Simu ilipopata mtandao iliita, kisha sauti iliyorekodiwa ikasema ofisi hufunguliwa Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi. Tairi la spea nililitoa, nalo lilikuwa na nyufa ubavuni na tarehe ya mwaka uleule. Na hata lingekuwa zima, tela lisilo na breki za kwake siwezi kulivuta milimani nikiwa na familia. Brekidauni ilitoka Green River ikaturudisha huko. Friji ilikuwa imezimwa pamoja na gesi, kwa hiyo insulini ambayo mama hakuwa ameifungua, inayotakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, ililala ndani ya kasha la barafu niliyokuwa nikiinunua na kuibadilisha usiku kucha. Mama hakulalamika hata mara moja. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Fundi wa Green River alililaza tairi chini, akanionyesha tarakimu: 1914. Wiki ya 19 ya mwaka 2014. Matatu yaliyobaki yalikuwa ya mwaka huohuo. Mnafanya biashara hii, kwa hiyo mnajua kwamba tairi la tela mara nyingi haliishi kwa kusagika. Tela hukaa uani miezi mingi likiwa limebeba uzito wake palepale, jua na hewa vinakausha mpira, na gundi inayoshika tabaka za ndani inachoka huku kashata ikibaki nene. Siku likipata joto, mzigo na mwendo wa saa nyingi, linabanduka. Kumwonyesha mteja unene wa kashata na kumwambia tairi ni jipya ni kumdanganya kuhusu kitu kinachoweza kumuua.

Mnanionyesha kifungu cha mkataba kinachosema mpangaji anawajibika kwa matairi. Ningekanyaga msumari au kugonga ukingo wa barabara, ningelipa bila kubishana. Kifungu hicho hakiwezi kunibebesha miaka kumi ya tairi ambalo sikulinunua, na ambalo mtu wenu alisema ni la mwaka jana. Tena tela mmelipokea likiwa na matairi manne mapya niliyoyanunua mimi, waya wa breki niliourekebisha mimi na bomba la gesi nililolibadilisha mimi. Mnalikodisha sasa hivi kwa matairi yangu, huku mnanidai.

Nataka mfute ankara ya dola 870, mnirudishie amana ya dola 1,500, na mnilipe dola 1,470 nilizotumia: 640 za brekidauni, 520 za matairi, 310 za breki na gesi. Kodi ya tela siidai, kwa kuwa tulilitumia na harusi tuliiwahi.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko fedha hizo. Nilipolirudisha tela niliinama chini ya mengine mawili yaliyokuwa uani kwenu yakisubiri wateja. Moja lina matairi ya 2013, jingine ya 2015. Nilimwambia mtu wa mapokezi, akaniambia nijishughulishe na mkataba wangu. Nawataka myaondoe matela hayo barabarani mpaka matairi yabadilishwe, pamoja na spea, na mnijulishe kwa maandishi kwamba imefanyika. Namba ya dharura nayo iwe na mtu wa kuijibu siku zote ambazo tela lenu liko safarini.

Nasubiri jibu hadi tarehe 26 Agosti. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko kwa kitengo cha kulinda walaji cha Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio na kufungua kesi katika mahakama ya madai madogo. Lakini kuhusu yale matela mawili sitasubiri tarehe hiyo: picha za tarakimu zake nimeanza kuwaonyesha jamaa msikitini na kanisani, kwa sababu wanaokodi kwenu wengi ni watu ninaowafahamu.

Nimeambatanisha risiti ya mzani, risiti za Green River, picha za tairi na tarakimu zake, picha za sakafu, na nakala ya fomu yenu ya mapokezi.

Mteja wenu,
(saini)