Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti kwa wanachama: karabai 24 ambazo hazikutobolewa

Ndugu wanachama,

Namshukuru Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na nawashukuru ninyi mliofika, wengine kutoka Igoma na Nyakato hapa Mwanza, na mmoja aliyevuka maji kutoka Ukerewe kwa nauli yake mwenyewe. Taarifa hii nimeiandika kwa mkono wangu kwa siku nne, Katibu akaichapa. Nimeagiza isambazwe kwa wanachama wote, pamoja na wasiohudhuria, ili asitokee mtu baadaye wa kusema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha kutengeneza taa za zamani mnazijua, sitazirudia kwa kirefu. Tulipokea taa 38: zilizowaka ni 26, zinazosubiri vipuri ni 8, na 4 tumezifungua zikawa vipuri vya nyingine. Nyingi ni karabai, yaani taa za presha za mafuta ya taa. Zilikuwamo pia kandili za Dietz na Feuerhand, taa mbili za presha aina ya Tilley zilizotoka misheni, na moja nyekundu aina ya Coleman 200A aliyorudi nayo mwanachama wetu kutoka Marekani. Hiyo Coleman ina mwezi na mwaka wa kuundwa umegongwa chini ya tangi, ndiyo desturi ya kiwanda chao cha Wichita. Bado hatujaiwasha, kwa sababu inataka petroli maalumu iliyosafishwa ambayo hapa mjini hatujaipata. Nimekataza asiijaribu mtu kwa petroli ya pikipiki, na nakumbusha tena kwamba karabai ya mafuta ya taa haitiwi petroli, hata tone, hata kama mafuta ya taa yamepanda bei.

Mafunzo tulifanya mawili. La kwanza lilihusu pampu. Karabai nyingi zinazoletwa zikisemwa zimekufa, hazijafa. Kilichokauka ni washa ya ngozi, kile kipete kinachobana hewa ndani ya pampu, mpini unakwenda na kurudi bila kukamata hewa. Tunaitoa, tunailoweka kwenye mafuta usiku kucha, asubuhi tunazikunjua kingo zake taratibu kwa vidole mpaka ziguse ukuta wa silinda pande zote. Ikiwa imepasuka tunakata mpya. Washa mpya zote za mwaka huu nimezikata mimi, kutokana na mkanda wangu wa zamani na mabaki ya ngozi niliyonunua kwa fundi viatu. Halafu kuna vali ya chini ya pampu. Ukiona mafuta yanapanda na kutokea kwenye mpini, raba ya vali imekuwa ngumu kama punje ya mahindi. Acha kupampu, fungua, badilisha.

La pili lilihusu utambi, ule wa kifuko. Nilieleza kwamba ni kazi ya Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyeisajili mwaka 1885, na kwamba tambi za zamani zilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi. Zile pakiti za zamani tulizozikuta kwenye sanduku la bati zisichomwe ndani ya chumba kilichofungwa, majivu yake yasipulizwe kwa mdomo, na aliyeyashika anawe mikono kabla hajala. Jambo hili linahusu afya ya kila mmoja wetu. Waliokuja kulisikia walikuwa 9.

Tisa, katika chama chenye wanachama 43.

Ndugu zangu, hapa sina budi kusema. Mikutano tuliyoipanga ilikuwa 12. Akidi yetu ni 15 tu, na iliyotimiza akidi ni mikutano 5. Saba iliahirishwa, nami nikabaki na Katibu tukifunga madirisha. Mkutano wa Machi, uliokuwa na wali na kuku, walikuja 31. Kwa hiyo njia ya kufika karakana inajulikana. Najua watu wana kazi, najua kuna misiba na kuna mvua, na mimi pia nina familia. Lakini ninapomuuliza mtu kwa nini hakuja, anajibu kwamba alijua wenzake wangekuja, na wenzake nao walisema vivyo hivyo.

Ada hali kadhalika. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka, na tulitegemea 1,032,000. Waliolipa yote ni 17, waliolipa nusu ni 9, ambao hawajatoa hata senti ni 17. Jumla iliyopatikana ni 516,000, nusu kamili. Kazi za watu wa nje zimetuingizia 410,000. Tumetumia 600,000 kwa kodi ya karakana, 215,000 kwa vipuri, na 64,000 kwa mafuta, spiriti, msasa na mengineyo. Zimebaki 47,000, na kodi ya mwezi mmoja ni 50,000. Mweka Hazina ana vitabu hapa mbele, anayetaka aje avione. Kiasi cha 96,000 nilichotoa mfukoni mwangu sikukiingiza kwenye hesabu wala sikidai. Nakitaja kwa sababu moja tu: zimesemwa habari kwamba Mwenyekiti ananufaika na chama hiki.

Sasa nifike kwenye suala la hoteli, ambalo limezungumzwa kila mahali isipokuwa mkutanoni.

Mwezi wa Agosti, siku ya Alhamisi, hoteli moja ya hapa mjini ilituma mtu. Walitaka karabai 24 za kutundika kwenye ukumbi wao wa chakula. Bei waliyotaja ni 85,000 kwa kila moja, jumla 2,040,000, nusu taslimu siku ya kukubaliana. Sharti lao lilikuwa tangi litobolewe chini, mrija na kichwa cha moto viondolewe, waya wa umeme upitishwe katikati na balbu ikae mahali pa utambi. Jibu walilitaka Jumamosi asubuhi.

Niliitisha mkutano wa dharura Ijumaa jioni. Nilituma ujumbe kwa wote 43, na wengine niliwapigia. Walikuja 6. Nawaomba mlikumbuke hilo kabla ya kusema Mwenyekiti aliamua peke yake. Katiba yetu inamruhusu Mwenyekiti kuamua jambo la dharura akidi isipotimia, baada ya kushauriana na Katibu na Mweka Hazina. Nilishauriana nao. Mweka Hazina alitaka tukubali, na namheshimu kwa kusema wazi. Katibu alikuwa upande wangu. Jumamosi saa tatu nikapeleka jibu kwamba hatutoboi.

Nimeambiwa nimewanyima wanachama milioni mbili. Nimeambiwa ningekubali, kodi ya miaka mitatu ingekuwa imelipwa na pesa kubaki. Hesabu hiyo ni ya kweli, siikatai. Lakini wanaoipigia hesabu nawauliza walikuwa wapi ile Ijumaa.

Nawaeleza sababu zangu, na naomba zisomwe mpaka mwisho.

Karabai ni presha. Hewa unayoisukuma kwa pampu inapandisha mafuta kwenye mrija, mrija ukiwa wa moto unayageuza mvuke, mvuke unatoka kwenye tundu linaloingia sindano tu, unachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya utambi. Vyote hivyo vinasimama juu ya kitu kimoja, tangi lisilovuja. Ndiyo maana tukimaliza kazi tunalijaza hewa na kulizamisha kwenye beseni la maji, tunatazama kama kuna kapovu kanakotoka. Ukilitoboa ili upitishe waya, umemaliza. Wapo waliosema tungeziba kwa lehemu baadaye zikirudi. Kiraka kwenye tangi lenye mafuta na presha, juu ya meza walipokaa watoto wa watu, mimi sikiwekei dhamana, na fundi yeyote wa humu anayejiheshimu hawezi kukiwekea.

Katika zile 24, tano ni Petromax zenyewe za Ujerumani, zenye maandishi tangini, kazi ya Ehrich & Graetz ya Berlin. Jina la Petromax linatokana na Petroleum, ambayo kwa Kijerumani ni mafuta ya taa, na Max, yaani Max Graetz aliyeibuni. Vipuri vya aina hiyo tunavihangaikia mno. Hizo tano hata wapinzani wangu wanakubali kwamba hazikustahili kutobolewa. Hoja yao ni zile 19 zilizobaki, nakala za Kichina za Anchor na Butterfly. Wanasema hizo zingekwenda, nani angelia?

Nililala nalo usiku ule wa Ijumaa. Nilipokuwa kijana, ukisimama kilimani kipindi cha giza, ziwani kulikuwa na taa nyingi kuliko mjini. Zile zilikuwa karabai za dagaa, kila moja juu ya boya lake. Leo wavuvi wamehamia taa za sola na betri, na siwalaumu: karabai inakula mafuta usiku kucha, na tone la mvua likigusa kioo cha moto kinapasuka. Lakini zilizoachwa zinapimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hizo 19 ni za ziwani. Tatu kati yake tulipewa bure na mzee mmoja wa kisiwa cha Ukara, aliyekataa pesa yetu na kuomba kitu kimoja tu, zisiishie kuwa mapambo. Nilimwahidi mbele ya Katibu.

Mwezi wa Juni alikuja mjini kwa matibabu, akapita karakana. Nikamtolea mojawapo, tulikuwa tumeishaing'arisha kwa ndimu na majivu kama mama zetu walivyong'arisha sinia. Nikamimina spiriti kwenye kikombe cha kupashia mrija moto, nikawasha, tukangoja. Yeye ndiye aliyenizuia mkono nilipotaka kufungua mafuta mapema. Aliniambia, "Bado, mwalimu, itakutapikia masizi." Alikuwa akisikiliza, hatazami. Spiriti ilipokaribia kwisha akanikonyeza, nikafungua, utambi ukashika, na ule mvumo wake ukajaa chumbani. Akapampu mwenyewe mara kumi hivi. Akaketi nayo mpaka mwanawe alipokuja kumchukua, na maneno hayakuwa mengi. Mimi siwezi kuichukua taa ile na kuiingizia keekee, kwa bei yoyote.

Isisemwe pia kwamba sikutafuta njia nyingine. Niliipa hoteli mapendekezo mawili. La kwanza, taa ndogo ya betri ining'inizwe ndani ya kioo na waya utokee juu kwenye kofia, bila kutoboa chochote. Wakasema waya utaonekana. La pili, sisi wenyewe tuwe tunakwenda Jumamosi usiku kuwasha karabai halisi bustanini, kwa malipo. Wakasema harufu ya mafuta itawasumbua wageni. Baadaye nasikia walitengenezewa na watu wengine kwa vyuma chakavu. Hilo ni lao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Septemba karabai moja ya chama ilikutwa nyuma ya karakana ikiwa imeshatobolewa. Aliyefanya namjua, Katibu anamjua, na yeye mwenyewe alikiri na kuomba radhi. Simtaji. Lakini kuanzia sasa funguo za stoo zitakuwa mbili tu.

Kama mkutano huu unaona nilikosea, utaratibu upo. Leteni hoja, ipigiwe kura, akidi ikitimia. Nikishindwa nitakabidhi ofisi siku hiyo hiyo. Nisichokubali ni kuhukumiwa vijiweni na watu ambao hawajalipa ada tangu Januari.

Kwa mwaka ujao, tukijaliwa, tunatarajia kupata banda kwenye maonyesho ya Nane Nane, tuone kama wageni na shule watavutiwa. Kuna mazungumzo ya awali juu ya chumba kikubwa zaidi ambacho hakitatugharimu sana. Tunatumaini pia kumpata mtu wa kutuchongea sindano na vichwa vya tundu hapa hapa nchini badala ya kungoja wasafiri. Haya yote yatategemea uwezo.

Namshukuru Katibu kwa uaminifu wake, Mweka Hazina kwa vitabu safi licha ya tofauti zetu, dada yetu wa Nyakato anayefuma upya vikapu vya vioo kwa waya bila kudai malipo, na vijana wawili waliojiunga Oktoba ambao hawajakosa hata Jumamosi moja.

Zile karabai 24 zipo stoo, zimepangwa kwenye rafu ya kushoto, zote zimepimwa kwenye beseni na hakuna inayovuja. Jioni hii baada ya mkutano tutaziwasha zote uani, kwa mara ya kwanza pamoja. Spiriti nimenunua mimi. Mafuta ya taa yanapungua lita 6, mwenye uwezo amwone Mweka Hazina kabla jua halijazama, na madeni ya ada yatapokelewa mezani pale pale kwa risiti.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti