Barua ya wazi: Kabla hamjagusa jua, njooni mtuulize

Mheshimiwa Waziri unayeshughulikia mazingira,

Salamu kutoka Kitui. Nakuandikia nikiwa nimepanda ndengu mara ya pili msimu huu. Zile za kwanza zilinyauka zikiwa na majani mawili.

Juzi nimesikia tena redioni habari ya wanaotaka kunyunyiza chembechembe za salfa juu kabisa angani, zirudishe sehemu ya mwanga wa jua ili dunia ipoe. Najua si ndoto za mlevi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, dunia ilipoa karibu nusu digrii. Ila jua likiguswa, na mvua huguswa. Itahama ya nani? Na wakianza kisha wakaacha ghafla, joto lote walilozuia litaturudia kwa mkupuo.

Mwaka 2022 kampuni changa ya Kimarekani ilirusha maputo ya salfa huko Mexico bila hata hodi. Januari 2023 serikali ya huko ikatangaza kwamba itapiga marufuku majaribio hayo. Sisi tutaambiwa lini, kwenye taarifa ya saa moja?

Jirani yangu anaapa kwamba wameshaanza, ananionyesha michirizi ya ndege. Namwambia ukame ule wa misimu mitano mfululizo, ulioniulia ng'ombe wanne, wataalamu waliuhusisha na La Niña, ile hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupoa ambayo hupunguza mvua zetu. Hanisikii. Simlaumu, maana mtu asipoambiwa hujiambia mwenyewe. Usiku mwingine hata mimi nasita.

Afisa wako alituahidi barazani, chini ya mwembe, kwamba atarudi na wataalamu watueleze kwa lugha tunayoielewa. Tulikodi hadi viti. Wazee wawili waliompigia makofi siku hiyo tumeshawazika.

Agosti 2023, pale Addis Ababa, mawaziri wenzako wa Afrika walitaka mkataba wa dunia wa kutotumia teknolojia hii. Mwaka 2024 Uswisi ikaleta azimio lake kuhusu teknolojia hiyo kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa, Nairobi, likaondolewa bila maafikiano. Nairobi, Mheshimiwa! Kwa matatu ni asubuhi moja tu kutoka kwangu, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Ombi langu ni moja. Mkikaa tena mezani, usilegeze neno lile la Addis Ababa kabla hujafika hapa ukatusikiliza. Njoo tu. Barabara ni kavu, gari lako halitakwama.

Mkulima wako,
Kitui