Dola 2,000 mlizoziandika si msamaha wa kodi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu ya mwezi uliopita kuhusu "msamaha mpya" kwa wafanyabiashara wadogo hapa Marekani imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu aliwaambia wasomaji kwamba kuanzia mwaka 2026 mtu anayelipwa chini ya dola 2,000 na mteja mmoja hana haja ya kuzitangaza fedha hizo kwa IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, kisha akawapongeza waliofungua LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo) kwa kuwa wamejikinga na kodi ya shirikisho. Nimo katika biashara ya usafi wa ofisi, ninajaza fomu hizi kila mwaka, na ninashangaa kwamba hakuna aliyemuuliza mwandishi huyo habari hizo alizitoa wapi.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilipandisha kiwango kinachomlazimu mteja wa kibiashara kumwandikia mkandarasi wake Fomu 1099-NEC, ile inayoonyesha alichomlipa mwaka mzima, kutoka dola 600 hadi dola 2,000, kwa malipo ya kuanzia mwaka 2026. Aliyepunguziwa kazi hapo ni mlipaji, ambaye sasa ana karatasi chache za kutuma. Mlipwaji hakupunguziwa chochote. Kiwango kinachomhusu yeye ni faida ya dola 400 kwa mwaka, na akiifikia tu anapaswa kujaza ritani ya kodi na kulipa kodi ya kujiajiri, awe amepokea fomu kumi au hakupokea hata moja. Mchukue mama anayesafisha ofisi kumi ndogo, kila moja ikimlipa dola 1,900 kwa mwaka. Hatapata fomu yoyote, ila ameingiza dola 19,000. Akitoa dola 7,000 za sabuni, mashine na mafuta ya gari, anabaki na faida ya dola 12,000. Kama hana mapato mengine, yumkini hatadaiwa kodi ya mapato hata senti, kwa sababu makato ya kawaida, yaani kiasi cha mapato kisichotozwa kodi hiyo, yataimeza faida yote. Kodi ya kujiajiri haiyatambui makato hayo: ni asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya faida yake, yaani karibu dola 1,696. Na sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye Hifadhi ya Jamii, ambako mtu anahitaji pointi 40, zisizozidi nne kwa mwaka, ili aje kupata pensheni. Kwa hiyo anayefuata ushauri wenu atadaiwa leo na kukosa pensheni kesho.

Kuhusu LLC sina mengi. Ni kitu kinachosajiliwa na jimbo, na ikiwa mmiliki ni mmoja na hajachagua kutozwa kodi kama shirika, serikali ya shirikisho huipita kana kwamba haipo. Faida inaandikwa kwenye Jedwali C, ukurasa wa biashara, la Fomu 1040, ritani ya mwenyewe, vilevile kama kabla hajalipia usajili.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Mpwa wangu, ambaye huendesha abiria kwa programu ya simu, aliambiwa maneno kama hayo ya mwandishi wenu na mtu mmoja aliyekuwa akijaza ritani za watu nyuma ya duka la nguo, mtu mwenye tai na ukuta uliojaa vyeti vilivyowekewa fremu, ambaye alimhakikishia kwamba fedha ambazo kampuni haijazitolea fomu "serikali haizioni", akaziacha nje, akambunia maili za safari za kazi, za kupunguzia kodi, ambazo gari lile lisingeweza kuzikimbia hata kama dereva angekula na kulala ndani yake, akachukua ujira wake taslimu, na mwisho akaiacha tupu sehemu ya ritani inayomtaka aliyelipwa kuijaza atie saini na namba yake ya utambulisho, ingawa sheria inamlazimu kufanya hivyo. Fomu zilikuwepo, zilikuwa zimetumwa IRS na nakala zake kuwekwa kwenye akaunti ya programu ya kijana, na huyo bwana hakumwambia azitafute. Barua ya IRS ilipofika, ikiwa na kodi iliyopungua, riba, na adhabu ya asilimia 20 juu ya upungufu huo, tulikwenda dukani tukakuta pazia limeondolewa na nyuma yake kuna masanduku ya viatu. Simu yake haikupokelewa. Deni likabaki la kijana, kwa sababu mwenye ritani ndiye anayewajibika kwa kila tarakimu iliyomo, hata kama kalamu ilishikwa na mwingine.

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, Ndugu Mhariri, kwa sababu kinyozi wa Minnesota hawezi kumnyoa mtu kwa malipo bila leseni ya jimbo, lakini mtu yeyote anayeweza kuomba namba ya utambulisho ya IRS anaweza kufungua meza na kujaza ritani za shirikisho za mtaa mzima. IRS ilijaribu kuwawekea watu hawa mtihani na masomo ya kila mwaka, mahakama ikaamua, na rufaa ya mwaka 2014 ikathibitisha, kwamba IRS haina mamlaka hayo. Wapo mawakili, wahasibu wenye leseni, na mawakala waliofaulu mtihani wa IRS yenyewe. Lakini hao siwaoni kwenye ukurasa wenu wa matangazo. Ninaowaona ni wale wanaoahidi "marejesho makubwa kuliko yote" kabla hawajaona hata risiti moja ya mteja.

Ninapendekeza kwamba masahihisho ya taarifa ile yachapishwe kwa herufi za ukubwa uleule wa kichwa chake cha habari, si kule chini karibu na bei za tiketi za ndege. Pia kila tarehe 1 ya Aprili, Juni, Septemba na Januari mchapishe kisanduku cha kuwakumbusha waliojiajiri kwamba malipo ya kodi ya awamu yanatakiwa tarehe 15 ya mwezi huo (wanaziita robo za mwaka, ingawa ya pili ina miezi miwili na ya mwisho minne, na sijui ni nani aliyezikata). Kisanduku hicho kisiwekwe karibu na tangazo la mjaza ritani yeyote ambaye hajakuahidi kwa maandishi kwamba hutia saini anachokijaza. Kama sharti hilo litapunguza mapato yenu ya matangazo, mwandishi wenu bila shaka atawaonyesha namna ya kutoyatangaza yatakayobaki.

Mwenye biashara ya usafi,
Minneapolis