Valvu ni shilingi 400, mbona kazi ni 2,500?

Sisi mafundi wa bomba huletewa lalamiko hili la valvu, kile kifaa cha kufungia na kufungulia maji bombani, kila baada ya muda, mtu mwingine lakini maneno yale yale. Safari hii ni mama mmoja wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu mjini, na alilituma usiku kwa sauti ili tusikie vizuri alivyokasirika: "Fundi, mwanangu amepita dukani akauliza. Valvu ni shilingi 400. Nyinyi mmenitoza 2,500. Mmenichuna." Mama, tulikujibu kwa heshima siku ile ile. Hapa tunajibu kwa urefu, maana wako wengi wanaonung'unika chini chini bila kututumia ujumbe.

Valvu ya shilingi 400 ipo, hatubishi. Ishike mkono mmoja, na mkono wa pili ushike ile tunayofunga sisi, uzito wenyewe utakwambia. Kisha ikwaruze kwa kisu pembeni. Ukiona kijivu chini ya ile rangi ya dhahabu, hiyo si brasi, ni zinki iliyopakwa sura ya brasi. Na hata brasi yenyewe ina shida zake hapa kwetu. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi. Chumvi huila ile zinki polepole, ikabaki shaba yenye vitundu, imegeuka rangi kama waridi. Kwa nje unaiona nzima. Siku ukiigusa kwa spana inamegeka kama mofa ya jana. Kwa hiyo tunanunua brasi nzito, ghali kidogo, na faida tunayoweka juu yake ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Lakini si kila valvu inayovuja ni ya kubadilishwa, na fundi anayekwambia hivyo kabla hajaikagua mwogope. Angalia maji yanatokea wapi. Yakitokea juu, pale shina la mkono linapoingia, mara nyingi ni ile nati ya shingoni imelegea au kamba yake ya kuzuia maji imekwisha. Tunaibana robo mzunguko, au tunaifungua tunazungusha kamba mpya, kazi imekwisha, na hatukutozi bei ya valvu. Yakitokea kwenye tredi, yale meno ya kuzungushia penye maungio, hapo ni kufungua na kufunga upya. Yakitokea mwilini, kwenye chuma chenyewe, au ukifunga mpaka mwisho na maji bado yanapita, hiyo imekwenda.

Sasa hiyo kazi ya 2,500. Valvu ya mama wa Mkomani ni ile ya kutokea tangini, juu ya paa. Kati yake na tangi hakuna valvu nyingine ya kufunga. Kuna lita 1,000 za maji na tundu la inchi moja. Dada wa nyumbani anaweza kukwambia tulifanya nini: tulimpigia mapema atumie maji ya tangi kwanza, tukafunga yanayoingia, tuliyoyakuta tukayateremsha kwenye ndoo na birika, tone halikupotea. Nyumba ambayo maji yanakuja kwa zamu, huwezi kumwaga tangi barazani ukasema ndiyo kazi. Wako mafundi wanaobadilisha maji yakiwa yanatoka, mmoja kaziba kwa kiganja na mwenzake anahangaika na tredi. Ni haraka kweli. Tepu ya kuzibia tredi inalowa, haishiki, na tredi inaanza ikiwa imepanda upande. Baada ya mwezi inavuja tena, na fundi hapokei simu.

Mgeni mmoja wa Shela alitusimulia kwamba kwao Ulaya matatizo ni haya haya, ila valvu inayowasumbua ni ya redieta, lile pipa bapa la ukutani linalopitisha maji ya moto kupasha chumba wakati wa baridi. Nako, ukitaka kutoa valvu nzima, mfumo humwagwa maji kwanza, na yanayotoka ni meusi kwa kutu. Wenye haraka wanaharibu zulia. Sisi zulia hatuna, tuna plasta ya chokaa.

Na hapo kwenye plasta ndipo pesa zinapopotea. Kuna kijana wa Langoni, mzuri tu, aliamua kumsaidia babake. Akaikamata valvu ya bafuni kwa spana moja na kuivuta kwa nguvu zote. Valvu ilikuwa imeshika chumvi, haikuzunguka. Kilichozunguka ni bomba, na elbo, ile kona ya bomba, ya zamani ndani ya ukuta ikakatika. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, unene wake zaidi ya futi moja. Tulipoitwa, maji yalikuwa yanatoka kwenye kidaka cha ukutani. Ilibidi kuchimba, kubadilisha bomba, kisha kumtafuta fundi wa chokaa, na fundi wa chokaa mzuri hana bei ya mchezo. Spana huwa mbili, bwana. Moja inashika bomba lisitikisike, ya pili inazungusha. Kama haitoki tunaipaka mafuta na kuisubiri, na kusubiri huko pia kumo kwenye bei.

Wa mpira wa baiskeli nao wako. Mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliifunga valvu ya paani kwa mpira, juu yake waya, juu yake gundi ya kukauka. Kutona kukakoma machoni pake. Maji yakatafuta njia nyingine, yakafuata bomba hadi lilipopenya darini. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na yakiwa makubwa yanaweza kukaribia ndoo nzima ya lita 20. Boriti ya mkoko ni ngumu, imestahimili karne, lakini haikuumbwa kukaa majini ndani ya chokaa. Aliona doa akalipaka rangi. Aliona doa la pili, nalo pia. Boriti mbili zilibadilishwa. Ami, tunajua unasoma haya, utatusamehe.

Mengine yaliyomo kwenye bei tunayapitia haraka. Vifaa vyetu vingi vinavuka kutoka Mokowe, ng'ambo bara, kwa boti na kupanda mjini kwa punda, na bomba la chuma la mita 6 halikati kona za vichochoro vyetu, hukatwa gatini na kutiwa tredi upya. Bomba za plastiki ziitwazo PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine yenye joto la digrii 260. Ya milimita 20 inataka sekunde 5 tu. Ukizidisha, plastiki inafura ndani na maji yanapungua maisha, na mteja analaumu tangi.

Tunapendekeza bol valvu, ile ya mkono wa kugeuza mara moja, badala ya geti valvu ya gurudumu. Izungushe kila mwezi, funga fungua, chumvi isiigandishe. Geti valvu kama unayo, iwe wazi yote au imefungwa yote. Ukiiacha nusu, maji yanaliguguna geti lake, kile kibamba cha ndani, na siku ya kuihitaji haitafunga. Na valvu ya plastiki msituambie tuifunge juani juu ya paa. Itapasuka, na jina litakaloharibika ni letu.

Kabla hujatuita, tupigie picha mbili: valvu yenyewe, na mahali bomba linapoingia ukutani. Tuambie pia maji ya mtaa wako yanakuja siku gani. Bei tutakutajia kabla hatujapanda ngazi. Ukitaka kununua valvu mwenyewe, nunua, tutaifunga kwa gharama ya kazi pekee. Ila ile ya kwetu ikivuja ndani ya mwaka tunarudi bila malipo, na ile ya shilingi 400 tukirudi, tunarudi kwa bei.